Tunampima nani? Dosari ya mafunzo ya usalama wa mtandao kazini

Karibu kila mwenye simu Tanzania ameshapata ile meseji: "Ile hela itume kwenye namba hii." Haina salamu, haina jina, haisemi ni hela ipi. Mtaani imeshakuwa utani. Bado inatumwa kila siku, na maana yake ni moja tu: bado inalipa.

Anayenaswa huwa tunamwita mshamba. Lakini hebu fikiria vizuri. Mara nyingi ni mtu ambaye asubuhi hiyohiyo ameongea na mwenye nyumba kuhusu kodi, au dada yake amemwomba amtumie fundi hela ya bati. Tapeli hajui lolote kati ya hayo. Amemwaga meseji zake kwa maelfu, na moja imemkuta mtu wake kwa wakati wake. Huyo mtu anajua kabisa kuwa matapeli wapo. Kilichomponza ni kwamba meseji imefanana na jambo alilokuwa analisubiri.

Tofauti hiyo, kati ya kutojua na kupatikana kwa wakati mbaya, ndiyo msingi wa makala haya. Mafunzo mengi ya usalama wa mtandao wanayopewa wafanyakazi yamejengwa juu ya dhana kwamba tatizo ni kutojua. Ushahidi uliokusanywa miaka ya karibuni unasema dhana hiyo ni dhaifu sana. Na wakati tunaendelea kuishikilia, wafanyakazi wanabebeshwa lawama zisizo zao.

Mafunzo yenyewe yakoje

Ukifanya kazi benki, hospitalini, kwenye shirika au chuoni, huenda unayajua. Kwanza kuna kipindi cha mwaka: slaidi, video ya dakika kumi, maswali ya kuchagua jibu, cheti. Unaambiwa utazame makosa ya tahajia, uhakiki anwani ya mtumaji, usibofye linki usiyoijua. Pili, kuna mtego. Kitengo cha TEHAMA, au kampuni kilichoikodi, kinakutumia barua pepe ya uongo. Ukibofya, ukurasa unafunguka na kukuambia: umenaswa, haya soma hapa ujue ulikosea wapi. Mwisho wa robo mwaka bosi anapelekewa grafu inayoonyesha asilimia ya waliobofya. Ikishuka, watu wanapongezana.

Huo ushauri wenyewe una kasoro zake. Makosa ya tahajia? Barua halali za ofisi zetu zina makosa kibao, na siku hizi tapeli anaweza kuandikiwa Kiswahili safi na kompyuta ndani ya sekunde chache. Usibofye linki? Kazi yenyewe inafanyika kwa linki: mkutano ni linki, hati ya malipo ni linki, fomu ya likizo ni linki. Halafu tazama barua inayokuita kwenye mafunzo. Mara nyingi inatoka kwenye anwani ya kampuni ya nje usiyoijua, ina kitufe cha kubofya, na inakutisha kuwa muda unakwisha. Yaani mwalimu anakuja kwako kwa njia zilezile anazokuonya kuwa ni za mwizi.

Tuseme hayo ni ya juujuu. Swali zito ni kama mafunzo haya, kwa jumla, yanapunguza watu kunaswa.

Watafiti walipopima

Tunazo tafiti mbili kubwa zilizofanywa kazini kwenyewe, kwa wafanyakazi halisi wakiwa kwenye shughuli zao.

Ya kwanza ni ya watafiti wa ETH Zurich, Uswisi. Walifuatilia wafanyakazi zaidi ya 14,000 wa kampuni moja kubwa kwa miezi 15. Waliwatumia barua za mtego, na baadhi yao walipobofya walipelekwa kwenye ukurasa wa mafunzo. Matokeo yaliwashangaza wengi: ukurasa ule haukuwafanya watu wawe wagumu kunaswa. Kulikuwa na dalili kwamba uliwafanya wawe rahisi zaidi. Ukiwaza kidogo unaweza kuona kwa nini. Mtu anayeona kampuni ina mfumo wa kumfuatilia na kumrekebisha anaweza kuamini kuwa mfumo huohuo unamlinda.

Ya pili ilifanyika UC San Diego Health, California, mwaka 2023, na matokeo yake yakatolewa 2025. Wafanyakazi zaidi ya 19,500 wa hospitali, miezi minane, kampeni kumi za barua za mtego. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu kwenye makundi. Waliopewa mafunzo baada ya kubofya walilinganishwa na wale ambao walipobofya waliona ukurasa wa kawaida wa hitilafu, basi. Tofauti ya kunaswa kati ya waliofunzwa na wasiofunzwa ilikuwa asilimia 1.7 tu. Watafiti wakaangalia pia yale mafunzo ya lazima ya kila mwaka: je, aliyeyapitia majuzi ananaswa kidogo kuliko aliyeyapitia zamani? Hapakuwa na uhusiano wowote wa maana.

Kitu kingine kilichoonekana kwenye utafiti huo kinaturudisha kwenye ile meseji ya hela. Barua ya mtego iliyomtaka mfanyakazi abadilishe neno la siri la barua pepe iliwanasa chini ya asilimia 2. Iliyosema kuna mabadiliko kwenye taratibu za likizo iliwanasa zaidi ya asilimia 30. Watu walewale, hospitali ileile, mafunzo yaleyale. Kilichobadilika ni chambo. Nani asiyetaka kujua kuhusu likizo yake?

Hapa ndipo ile grafu ya robo mwaka inapopoteza maana. Kama asilimia ya waliobofya inaweza kuruka kutoka chini ya 2 hadi zaidi ya 30 kwa kubadilisha chambo tu, basi anayechagua chambo ndiye anayechagua matokeo. Robo ya kwanza tuma barua tamu, robo ya pili tuma ya kipuuzi, na utakuwa na grafu nzuri ya kushuka bila mtu yeyote kujifunza chochote. Sisemi kila anayeuza mafunzo anafanya hivyo kwa makusudi. Nasema kipimo kinachoweza kuchezewa kirahisi namna hiyo, na anayekishika akiwa ndiye anayelipwa kikishuka, si kipimo cha kutegemea.

Lakini haki itendeke. Utafiti wa San Diego uligundua pia kuwa waliokamilisha mafunzo ya maswali na majibu walikuwa na uwezekano mdogo wa kunaswa baadaye, kama asilimia 19 chini. Inatia moyo, ila ina mambo mawili. La kwanza, wengi hawakuyakamilisha; sehemu kubwa ya watu walikaa kwenye ukurasa wa mafunzo chini ya dakika moja. La pili, anayekubali kukaa mpaka mwisho huenda ni mtu makini tangu mwanzo. Ni kama kusema wanaosoma maelezo yote ya dawa hukosea dozi mara chache, ukadhani karatasi ndiyo iliyowafanya wawe waangalifu.

Hesabu ndogo ya ofisi ya watu 200

Tuache tafiti, tupige hesabu. Ofisi ina watu 200. Barua ya hadaa imewafikia wote. Tuchukulie kila mmoja anaamua kivyake, na uwezekano wa kunaswa ni asilimia 5. Uwezekano kwamba hata mmoja asinaswe ni 0.95 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 200. Jibu ni dogo mno, chini ya moja katika elfu ishirini. Kwa maneno mengine, lazima mtu atabofya.

Sasa tuwape wafanyakazi mafunzo ya ndoto, yashushe kiwango kutoka asilimia 5 hadi 1. Zidisha 0.99 mara 200. Unapata 0.13. Bado kuna uwezekano wa asilimia 87 kwamba angalau mtu mmoja atanaswa. Na hiyo ni barua moja tu. Tapeli atatuma nyingine Jumatatu.

Mtu mmoja anamtosha mshambuliaji. Ukishaliona hilo, swali "tufanyeje watu wasibofye" linapungua uzito, na linakuja jingine zito zaidi: mtu akibofya, kwa sababu atabofya, kinatokea nini? Jibu la swali hilo halimo kichwani mwa mhasibu wala muuguzi. Limo kwenye namna mtandao wa ofisi ulivyojengwa.

Hadaa ileile, kampuni mbili

Mwaka 2022 dunia ilipata jaribio la asili ambalo hakuna maabara ingeruhusiwa kulifanya. Kati ya Julai na Agosti, kampuni mbili za teknolojia za Marekani, Twilio na Cloudflare, zilishambuliwa kwa mbinu zinazofanana kabisa. Wafanyakazi walipata meseji zilizojifanya zinatoka kazini, zenye linki ya ukurasa unaofanana na ule wanaoutumia kuingia kwenye mifumo ya kampuni.

Twilio, baadhi ya wafanyakazi waliandika majina na maneno yao ya siri. Washambuliaji wakaingia na kufikia taarifa za baadhi ya wateja.

Cloudflare, tarehe 20 Julai, wafanyakazi 76 walipata meseji ndani ya dakika moja. Watatu kati yao waliingia mtegoni na kuandika maneno yao ya siri. Tena hiyo ni kampuni ambayo biashara yake ni usalama wa mtandao. Lakini washambuliaji hawakuingia.

Kilichowazuia ni kifaa kidogo, saizi ya ufunguo wa kufuli, ambacho kila mfanyakazi wa Cloudflare anakichomeka kwenye kompyuta au kukigusisha kwenye simu anapoingia kazini. Kinavyofanya kazi ni hivi. Ukikisajili kwenye tovuti fulani, kinatengeneza siri ya kihisabati iliyofungwa kwa anwani ya tovuti hiyo peke yake. Kila unapotaka kuingia, kivinjari kinakiambia ufunguo anwani halisi iliyofunguka. Ikiwa ni ileile iliyosajiliwa, ufunguo unatia saini yake. Ikiwa imetofautiana hata kwa herufi moja, ufunguo hauna cha kutia saini. Ukurasa wa tapeli unaweza kufanana na wa ofisi kama shilingi kwa ya pili, ukamdanganya mtu, na bado usipate kitu.

Linganisha na zile tarakimu sita zinazotumwa kwa meseji. Hizo unazisoma wewe na kuziandika wewe. Tapeli anaweka kisanduku cha pili kwenye ukurasa wake bandia, unaziandika humo, na programu yake inazipeleka kwenye tovuti ya kweli kabla hazijaisha muda. Ni afadhali kuliko kutokuwa nazo, lakini bado zinategemea jicho lako.

Google walishalipitia hili. Mapema 2017 waliwataka wafanyakazi wao wote watumie funguo za aina hiyo. Mwaka uliofuata walisema kati ya wafanyakazi zaidi ya 85,000, hakuna aliyenaswa kwa hadaa kwenye akaunti yake ya kazi tangu hapo. Sidhani kuna slaidi yoyote inayoweza kudai hivyo.

Jambo la mwisho kuhusu Cloudflare: wale watatu hawakuadhibiwa. Kampuni ilisema hadharani kuwa inataka watu waripoti bila kuogopa kulaumiwa.

Lawama inakwenda kwa nani

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Desemba 2020, kampuni ya Marekani ya GoDaddy iliwatumia wafanyakazi wake barua pepe ya kuwaahidi bonasi ya sikukuu ya dola 650. Ulikuwa mwaka wa korona, watu wamepoteza kazi, familia zimebanwa. Wapatao 500 walijaza taarifa zao. Siku mbili baadaye walijibiwa kuwa wamefeli mtihani wa hadaa na watalazimika kurudia mafunzo. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi.

Mtihani ule ulipima nini? Ulipima kwamba mtu mwenye shida akiahidiwa hela na mwajiri wake, anaamini. Hilo halikuhitaji mtihani. Ulichojenga ni kutoaminiana: kesho yule mfanyakazi akibofya kitu kibaya kweli, atakimbilia kwenda kusema, au atakaa kimya akiomba Mungu kisigundulike? Kila dakika anayokaa kimya ni dakika ya mwizi.

Na gharama ya kunyamazisha watu ni kubwa, kwa sababu utafiti uleule wa Zurich ulionyesha jambo la kutia moyo. Wafanyakazi walipowekewa kitufe rahisi cha kuripoti barua wanayoitilia shaka, waliitumia nafasi hiyo. Ripoti za kwanza zilifika dakika chache tu baada ya barua kutumwa, na watu hawakuchoka kuripoti miezi yote ile. Maana yake, ofisi ya watu 200 ambayo lazima itakuwa na mmoja wa kunaswa, karibu hakika ina pia mmoja wa kushtuka mapema. Akisema, kitengo cha TEHAMA kinaweza kuifuta barua hiyo kwa wote wengine. Hesabu ileile iliyotuumiza inageuka kuwa upande wetu.

Kisheria pia lawama haipaswi kuishia kwa karani. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa ya 2019 na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zote zinaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu ndiyo iweke ulinzi unaofaa. Taasisi ikisema "tuliwapa mafunzo, vyeti hivi hapa", imeonyesha kuwa ilifundisha. Haijaonyesha kuwa ililinda.

Basi tufundishe nini?

Sisemi mafunzo yafutwe. Nasema tumeyaelekeza kwa watu wasiohusika, na kwenye jambo lisilofundishika. Huwezi kumfundisha mtu asiwe na haraka, asichoke, asitamani likizo. Unaweza kumfundisha utaratibu. Mhasibu afundishwe kwamba barua inayobadilisha akaunti ya benki ya mzabuni haifanyiwi kazi mpaka apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, hata kama barua imetoka kwa mkurugenzi. Kila mtu afundishwe kuripoti wapi, kwa njia gani, na kwamba hataadhibiwa. Hayo yanatosha nusu saa.

Saa zinazobaki wapewe walinzi wenyewe, yaani mafundi wa TEHAMA. Kuna mashambulizi ambayo hayangoji mtu abofye. Juni 2017 programu hasidi iliyoitwa NotPetya ilisambaa kutoka Ukraine kupitia sasisho la programu ya uhasibu. Hakuna mfanyakazi aliyedanganywa. Kompyuta zilipokea sasisho kama kawaida. Kampuni ya meli ya Maersk ilizimika. Ilibidi kusakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zinazohifadhi orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa kama 150 duniani kote, kila moja ikiwa nakala ya nyingine, na karibu zote zilifutika kwa pamoja. Ilipona moja, ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kampuni nzima ikafufuliwa kutokana na diski hiyo.

Sisi tunaoishi na kukatika kwa umeme tunaweza kutabasamu, lakini somo lake ni kali. Walikuwa na nakala. Hawakuwa wamejaribu kujiuliza itakuwaje nakala zote zikienda siku moja. Zoezi la namna hiyo, la kuzima seva Jumamosi na kuona inachukua saa ngapi kuirudisha kutoka kwenye nakala rudufu, linafundisha zaidi ya mwaka mzima wa barua za mtego. Ila halitoi grafu nzuri, na linahitaji fundi mwenye muda. Ofisi nyingi zina fundi mmoja ambaye ndiye pia anayetengeneza printa.

Funguo za usalama nazo haziondoi kila kitu. Zinagharimu fedha, mifumo ya zamani haizikubali, na tapeli anayekupigia simu akuombe namba yako ya siri ya pesa za simu haguswi nazo kabisa. Lakini simu janja nyingi za sasa zinaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa alama ya kidole bila kununua kifaa, na ofisi inaweza kuanza na wachache: wahasibu, viongozi, na mafundi wenye ruhusa za juu.

Kwa hiyo ukiitwa tena kwenye mafunzo ya mwaka, nenda, sikiliza, halafu nyoosha mkono uulize maswali matatu. Nikibofya kesho saa nne asubuhi, nampigia nani? Mwizi akipata neno langu la siri, ni kitu gani kingine kinamzuia? Na mara ya mwisho kurudisha data zetu kutoka kwenye nakala, kwa majaribio, ilikuwa lini? Mkufunzi akikosa majibu, usimlaumu yeye. Mwombe swali hilo alipeleke kwa aliyelipia mafunzo.